Sakafu Iliyotoa Jasho Kianjai

Vijana wa maabara waliponiandalia chai ya kuniaga nikistaafu, Mutugi alinishika mkono akaniambia, "Madam, usiende na hiyo yote kwa kichwa." Nilimjibu kwamba kichwa changu ni chepesi kuliko anavyofikiri, lakini ombi lake lilinifuata hadi nyumbani. Sasa nimekaa barazani kwangu, kando ya mji wa Embu, ng'ombe amekwisha kukamuliwa na sina pa kukimbilia. Kwa hiyo nitaandika yale ambayo hayamo katika vitabu vya kazi yetu. Habari za vyeo na mishahara tuziache. Za vyeo mnazijua, na za mishahara zinaudhi.

Kwa yeyote asiyetujua, kazi yangu ilikuwa kupima udongo ulio chini ya barabara na viwanja vya lami. Watu huitazama lami, wakaisifu ama wakaitukana. Sisi tulitazama kilichofunikwa. Ni kazi ya kupiga magoti, na hata leo magoti yangu hujua mvua inakuja kabla ya redio kusema.

Siku yangu ya kwanza, Embu ilikuwa bado makao makuu ya mkoa, na mimi nilifika kazini na sketi nyeupe ya marinda ambayo mama alikuwa amenishonea kwa ajili hiyo. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Nyaga, mtu mfupi wa Runyenjes, mwenye koti la kaki ambalo mifuko yake ilikuwa imejaa vipande vya chaki na misumari. Aliitazama sketi, akanitazama mimi, kisha akanipa sururu. Nadhani aliona sururu ingesema yote.

Kilikuwa kiangazi kile kikali cha mwanzo wa mwaka, nyasi zote za uani zimekuwa rangi ya katani. Akanipeleka pale ambapo lami ya uwanja wetu ilikutana na nyasi. "Ruguru," akasema, "chini ya hii lami kuna maji ama hakuna?"

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, na majibu yalikuwa yamenijaa mpaka kooni. Nikasema hakuna. Mvua haijanyesha kwa muda, na hata ingenyesha, lami inazuia maji yasiingie. Kwa hiyo udongo wa chini lazima uwe mkavu kuliko ule wa nyasi.

"Chimba," akasema.

Nilichimba kuanzia upande wa nyasi, udongo ukatoka kama unga. Nikaingia chini ya lami kwa ubavu, na pale udongo ukabadilika rangi, ukawa mwekundu wa kuiva. Mzee Nyaga akachukua donge moja akalifinya, likabaki na alama za vidole vyake kama unga wa chapati uliokandwa. Akaniwekea mkononi. "Umefunika sufuria," akasema, "sasa unataka mvuke uende wapi?"

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu yangu. Udongo hupumua. Jua likipiga, maji yaliyomo hupanda na kutoka. Ukiweka lami juu yake, unaufunga mdomo. Maji yakishaingia kwa pembeni, kwa mtaro mbovu ama kwa ufa, hayana njia ya kurudi juu, na hukaa humo msimu baada ya msimu. Ndiyo maana mti uliopandwa kando ya barabara hupeleka mizizi yake chini ya lami wakati wa ukame, halafu watu wakaulaumu kwa kupasua barabara. Mti unatafuta chai yake tu.

Mzee Nyaga alikuwa amezika mabomba membamba ya chuma pale uani, mengine chini ya lami na mengine chini ya nyasi, kila moja na kina chake. Ndani ya kila bomba aliteremsha themomita kwa kamba. Alinipa kazi ya kuzisoma asubuhi, adhuhuri na jioni, na kwa wiki nzima niliamini kwamba themomita moja imeharibika. Adhuhuri lami ilikuwa inachoma nyayo, lakini bomba refu la chini yake lilisema kuna baridi ya asubuhi. Jioni lami imepoa, watu wamevaa sweta, na lile bomba ndilo linaanza kupata joto. Nilipomwambia tununue themomita nyingine alicheka mpaka akakaa chini. Joto, alinieleza, husafiri polepole ardhini. Lile la mchana huwa bado liko njiani wakati sisi tunapika chakula cha jioni. Na likisafiri hubeba unyevu nalo, kutoka palipo na joto kwenda palipo baridi. Sentensi hiyo ya mwisho mtaiona tena kazini kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo ishikeni.

Niseme pia habari ya oveni, maana nasikia tabia hiyo imerudi. Kazi yetu yote husimama juu ya kikopo, mizani na oveni. Unapima udongo ukiwa mbichi, unaukausha, unaupima tena, na kilichopungua ndicho maji. Sasa, oveni inayowaka mchana kutwa katika ofisi ya watu wa mlima, msimu wa baridi ya Julai, ukungu umejaa mpaka mlangoni, ni majaribu makubwa. Wenzangu walianza kuweka viazi vitamu ndani. Wakaendelea na nduma. Siku moja sampuli za barabara ya kuelekea Siakago zilikataa kabisa kukauka, tukazirudisha ndani na kuzitoa, mizani inasema bado. Mzee Nyaga akafungua oveni, akachungulia nyuma, akatoa sufuria ya githeri iliyokuwa ikitoa mvuke vizuri kabisa. Hakuuliza ni ya nani. Aliila yote peke yake, amesimama, huku sisi tukimtazama, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweka chakula tena. Namshauri mkuu wenu wa sasa ajaribu njia hiyo.

Kutoka Embu nilifanya kazi sana upande wa chini, Mbeere, kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko nilijifunza unyenyekevu. Katikati ya barabara udongo hubaki na unyevu wake chini ya lami, lakini ukingoni hukauka na kulowa na kukauka tena, kwa hiyo barabara inapasuka kwa urefu, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Wenyeji walikuwa wakituambia ni malori. Sisi tulisema ni maji. Malori hayakuwa na wa kuyatetea, kwa hiyo jambo hilo halikuisha.

Halafu nikahamishiwa Meru, nikiwa sasa mimi ndiye mkuu. Mume wangu alibaki Embu na ng'ombe, nami nikawa mtu wa kurudi nyumbani Jumamosi. Nilipima Kibirichia, kwenye baridi kali hata vidole havikuhisi kikopo, na nilipoondoka buti ya gari ilikuwa imejaa waru, yaani viazi, za watu ambao hata sikujua majina yao. Nilipima Maua, tumepiga magoti barabarani alfajiri, na pikapu za miraa zikipita mbio kiasi kwamba kofia ziliondoka vichwani. Huko niliamuru kazi ianze saa tatu, miraa ikiwa imeshafika Thika. Ilikuwa miaka mizuri. Lakini mkiniuliza ni kazi gani moja naipenda kuliko zote, nitawaambia ya Kianjai, iliyokuja karibu na mwisho.

Pale sokoni walikuwa wameweka lami kwenye uwanja ulio mbele ya maduka, na watu walifurahi, kwa sababu zamani palikuwa matope. Baada ya misimu michache lami ikaanza kubonyea mbele ya safu moja ya maduka, na ofisi ikatutuma tukaangalie. Nilikwenda na Mutugi, aliyekuwa mgeni kazini.

Kosa letu la kwanza lilikuwa rangi. Tulitia alama pale tulipotaka kuchimba, alama ya msalaba, kwa rangi nyekundu, kwenye lami na mbele ya veranda za maduka, kisha tukaingia hoteli iliyo karibu kula mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Tulipotoka, muuza viatu alikuwa ameshang'oa nusu ya kibanda chake. Fundi wa nguo alikuwa amebeba cherehani kichwani. Mnajua wenyewe alama ile katika nchi hii ina maana gani: tingatinga linakuja kubomoa. Mutugi alipita duka kwa duka akiomba msamaha, na tangu siku hiyo mimi hutia duara, kwa chaki.

Hoteli ile tuliyokula ilikuwa ya Mama Kinya, mjane mwenye sauti ya chini na mkono mzuri wa kupika. Hoteli ndiyo kazi yake pekee tangu mumewe alipofariki. Jiko lake la kuni lilikuwa limejengwa kwenye ukuta, likiwaka kutoka alfajiri mpaka jioni. Upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na stoo ya Mama Mwenda, muuza nafaka: maharagwe, njahi, mahindi. Mama Mwenda alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na alipoona tunachimba alinijia moja kwa moja.

"Madam, nyinyi ndio mnapima maji ya chini?"

"Tunapima unyevu wa udongo, mama."

"Basi kuja upime yangu. Sakafu inatoa maji na hakuna mvua. Maharagwe yangu inaoza kutoka chini. Na mimi najua maji inatoka wapi." Akaelekeza kidevu upande wa hoteli. "Mtu anaosha vyombo kutoka asubuhi mpaka jioni. Hiyo maji itaenda wapi?"

Nikajua habari yote baada ya nusu saa, kwa sababu Kianjai si mahali pa siri. Wanawake hao wawili walikuwa wameanza biashara pamoja na kushonewa sare moja katika kikundi cha akina mama cha kanisa. Sasa walikuwa hawasalimiani. Mama Mwenda alikuwa amepeleka malalamiko kwa mwenye ploti yenye vyumba vyao vyote viwili, Mzee M'Ikiara, naye amempa Mama Kinya mpaka mwisho wa mwezi atoke. Mwezi ulikuwa umekaribia kuisha. Nilipomuuliza Mama Kinya, alifuta mikono kwa aproni akasema, "Madam, mimi nina mfereji moja tu ya kuchota maji, iko nje, na maji yangu namwaga kwa mtaro. Nimeonyesha watu. Sasa nimechoka kuonyesha."

Kazi tuliyotumwa ilikuwa ya lami, si ya magomvi. Lakini udongo ni uleule, na nakiri nilikuwa nimempenda yule mama na mukimo yake. Tulichukua sampuli chini ya lami, tukachukua chini ya sakafu ya stoo upande huu na upande ule, na nyingine chini ya hoteli yenyewe. Sakafu ilikuwa saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya udongo bila karatasi ya nailoni chini yake. Vikopo vilikwenda Meru, vikalala ndani ya oveni, na asubuhi nikaviweka kwenye mizani mimi mwenyewe.

Chini ya lami ndiko kulikolowa zaidi. Kulifuata stoo ya Mama Mwenda, upande ulio mbali na hoteli. Kwenye ukuta wa hoteli udongo ulikuwa mkavu, na chini ya hoteli, mahali panapooshwa vyombo kutwa, ndiko kulikokuwa kukavu kuliko kote. Nilifurahi nikaimba ndani ya maabara, na hakuna aliyezoea kunisikia nikiimba.

Kianjai hawakuimba. Mama Mwenda alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akasema mbele ya watu, "Mlikula kwake. Mliwekewa nyama."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu tulikuwa tumekula, na nyama ilikuwemo. Nikaona kwamba mizani yangu haiwezi kumshawishi mtu ambaye hakuiona. Tulihitaji kitu atakachokiona kwa macho yake. Nikamtuma Mutugi dukani akanunue karatasi ya nailoni, ile angavu. Tukakata vipande, kimoja tukakiweka kwenye sakafu ya stoo karibu na ukuta wa hoteli, kingine upande wa mbali palipokuwa na magunia, na cha tatu ndani ya hoteli kando ya meza. Kingo zote tukazibana kwa utepe wa gundi. Kama maji yanatoka ardhini, yatashikwa chini ya nailoni. Nikamwomba Mzee M'Ikiara afunge milango yote miwili kwa kufuli zake na alale na funguo. Alikubali. Ni mzee anayependa kushika funguo.

Asubuhi tulipofika walikuwa wamekwisha kukusanyika: Mzee M'Ikiara, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwenye bucha, na watu wengine ambao walikuwa wakipita tu na wakasahau kuendelea. Mama Kinya alisimama mlangoni. Tulianza na hoteli yake. Nailoni ilikuwa kavu. Tukaingia stoo. Ile ya karibu na ukuta ilikuwa kavu pia. Ile ya upande wa mbali ilikuwa nyeupe kwa ndani, imejaa matone, na Mutugi alipoinua pembe moja maji yakateleza yakadondoka sakafuni.

Mama Mwenda alipiga magoti, akapitisha kiganja chake juu ya nailoni ile, akakitazama.

"Mama," nikamuuliza, "zamani magunia yako yalikuwa yakikaa wapi?"

"Hapo kwa ukuta," akasema polepole. "Wakati huo hakuna kitu ilikuwa inaoza. Halafu nikaona sakafu ya mbele imelowa. Nikajua ni yeye. Nikatoa magunia kwa ukuta wake, nikaweka huku."

Alikuwa ameyahamisha maharagwe kutoka mahali pakavu pekee katika stoo yake na kuyapeleka kwenye maji, kwa sababu ya kumkimbia jirani. Na kila yalipozidi kuoza alizidi kuyasogeza mbali naye, na alizidi kumchukia.

Nikawaeleza kwa Kiswahili cha kawaida. Mtaro wa juu ya uwanja umejaa udongo, maji ya masika yanaingia chini ya lami. Hayawezi kupanda, yamefunikwa. Jua likichoma lami mchana, unyevu unakimbia joto, unatafuta mahali baridi. Stoo imefungwa, ina giza, sakafu yake ni baridi. Unakuja kulala hapo. Lakini kwenye ukuta huu kuna jiko linalowaka kutwa, na ardhi ya chini yake imepata joto, kwa hiyo unyevu haupumziki hapo.

Mwenye bucha, aliyewahi kufunga miraa kule Maua, akaitikia kwa kichwa. "Ni kama kufunga miraa kwa nailoni," akasema. "Majani ya ndizi inaacha ipumue. Ukifunga na nailoni ikae kwa jua, inatoa jasho, unakuta imeharibika." Tangu siku hiyo nimefundisha somo hilo kwa miraa, na vijana wameelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi kwa mabomba ya Mzee Nyaga.

Niliwaambia pia ukweli usiopendeza: mtaro utazibuliwa na kujengwa kwa mawe, nami nitaandika hivyo ofisini, lakini udongo ukishalowa hivyo haukauki haraka. Itachukua misimu. Kwa sasa, magunia yakae juu ya mbao, na yakae kwenye ukuta wa jiko.

Nilidhani mambo yameisha. Mzee M'Ikiara akakohoa, akizungusha funguo mkononi. "Sawa, nimeona," akasema. "Mama Kinya hana makosa. Lakini hiyo chumba nimeshaahidi mtu wa kuuza simu. Kijana ameshaleta mpaka rangi ya kupaka. Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi."

Mama Kinya hakubisha. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekuwa akilitarajia hilo, nami nikavunjika moyo, kwa sababu nilikuwa nimeleta oveni, mizani na nailoni, na hakuna hata kimoja kinachoweza kumjibu mwenye ploti.

Mama Mwenda akasimama kutoka sakafuni. Alikwenda mpaka kwenye ukuta, akaweka kiganja chake, kile kilicholowa, juu ya saruji, pale ambapo upande wa pili palikuwa na jiko, na saruji ilikuwa bado na joto la jana.

"Huyo mtu wa simu," akasema, "atawasha moto?"

Mzee aliacha kuzungusha funguo.

"Mimi nauliza. Atawasha moto kutoka asubuhi mpaka jioni? Kwa sababu huu moto ukitoka, mimi na maharagwe yangu tunatoka. Stoo yenye maji utakodisha nani, huyo wa simu?" Halafu, bila kugeuka, akisema na ukuta, akaongeza, "Mama Kinya, mimi nilikukosea."

Mzee M'Ikiara aliutazama ukuta, akaitazama nailoni iliyojaa matone, akaziangalia funguo zake. Kisha akatoa ufunguo wa hoteli kwenye pete akampa Mama Kinya, akatoka nje akilalamika kwamba amekosa rangi ya bure.

Mama Kinya aliutia ufunguo mfukoni mwa aproni. Akaingia stoo, akainama, akashika pembe mbili za gunia la kwanza. Mama Mwenda akashika zile nyingine, wakalibeba pamoja mpaka kwenye ukuta. Mimi na Mutugi tulibeba lililofuata.